Pongezi kwa watunza vihamba

Wakulima wa vihamba vya Kilimanjaro wanastahili sifa kubwa kuliko wanazopata. Katika kihamba, yaani shamba dogo linalozunguka nyumba, Wachagga wamepanda mimea kwa tabaka: juu miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini magimbi na viazi vikuu. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba, na nyingi hazikupandwa na mtu. Zimeota zenyewe, zikaachwa ziishi.

Nani ameitunza hazina hiyo? Kwanza kabisa akina mama, wanaojua kwamba ndizi ya mchare ni ya supu ya mtori na ipi inafaa pombe ya mbege, wanaomkatia ng'ombe wa zizini majani na kurudisha samadi shinani mwa migomba. Mgomba ambao ndizi zake hazipikwi tena haupandwi tena, kwa hiyo jiko lao limeokoa mbegu nyingi. Kisha wazee wa mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji, wanaogawa zamu za maji na kuwaita watu kuisafisha.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima ya haki. Lakini bei ya chini ya kahawa iliwavunja wengi moyo, na vijana wameshuka mjini. Wewe uliyeachiwa kihamba cha ukoo, tafadhali usikikate viwanja. Mpe jirani akilime, au rudi ukakilime mwenyewe.