Msuluhishi Asiye na Rungu

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, na baraza la ardhi la kata likapoteza mamlaka ya kuamua nani mwenye haki na nani hana. Likabaki na kazi moja tu, kusuluhisha. Wapo waliosema baraza limeng'olewa meno. Nani atapoteza siku yake kwa watu wasioweza kutoa hukumu? Mimi nilifurahi, na mpaka leo sijabadili msimamo. Mtu anayeweza kukuhukumu humwambii yote. Unamwambia yale yatakayokupa ushindi, mengine unayameza, na mara nyingi ugomvi wenyewe umo ndani ya hayo uliyoyameza.

Nenda kwenye miteremko ya Kilimanjaro ukalione hilo. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa baba kwa mwana, vizazi na vizazi, hadi kimebaki kipande. Ndani yake mna migomba, mibuni, zizi, na makaburi ya waliotangulia, kwa hiyo usitegemee mtu auze ahame ili kukwepa jirani mkorofi. Jirani huyo, isitoshe, kwa kawaida ni ndugu. Hukumu inaweza kuimaliza kesi yao vizuri kabisa kisheria. Desemba itakapofika, watoto na wajukuu wamepanda mabasi kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, hukumu hiyo haitasema nani amkaribishe nani.

Baraza linapokaa kusuluhisha huwa na watu watatu, na sheria inataka angalau mmoja wao awe mwanamke. Msuluhishi mahiri kati yao haanzi na kamba ya kupimia. Chukua kesi ya aina inayojirudia: mama anadai shemeji yake amehamisha mpaka hatua tatu. Anaachwa aseme mpaka aishiwe, shemeji akikatazwa kumkatiza hata kwa kuguna. Kisha msuluhishi anamrudishia maneno yake, matusi yameondolewa, madai yamebaki.

"Kwa hiyo, mama, unasema njia uliyokuwa ukipitishia majani ya ng'ombe imezibwa tangu masika. Ndivyo?"

"Ndivyo." Ananyamaza. Msuluhishi naye ananyamaza, na hapo ndipo utamjua fundi, maana anayejifunza angerukia swali jingine. "Na nilipofiwa hakuja."

Hakuna fomu ya malalamiko yenye nafasi ya kuandika sentensi hiyo ya pili. Hakimu angeipita, na angekuwa sahihi kuipita, kwa kuwa haihusu mpaka. Msuluhishi anaiweka akiba. Kwa sasa anauliza jambo dogo: hizo hatua tatu, ukirudishiwa, utazifanyia nini? Mara nyingi jibu ni jepesi kuliko madai. Mama hataki kulima pale, anataka kupita. Shemeji naye hana haja na ardhi ile, ila anaogopa kwamba akiruhusu njia leo, kesho wanawe mama wataiita shamba lao. Madai yao hayawezi kukaa pamoja, lakini haja zao zinaweza.

Kuna maneno hayatoki mbele ya mwenzako. Kwa hiyo msuluhishi huzungumza na kila mmoja faragha, pengine pale nyuma ya ofisi ya kata, na anayoambiwa huko habebi ila kwa ruhusa. Humkumbusha kila mmoja yanayomsubiri wasipoelewana: nauli ya kila tarehe ya kesi, wakili, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa Mahakama Kuu, na miaka itakayopita hapo katikati. Afanye hivyo kwa kipimo. Kukumbusha kukizidi huwa ni kutisha, na suluhu ya woga huvunjika hata wino haujakauka. Pendekezo zuri nalo huchukiwa likitoka mdomoni mwa hasimu, hivyo yeye hulileta kama swali lisilo na mwenyewe: ingekuwaje kama njia ingebaki, na mpaka ukaandikwa?

Wachagga walilijua hili kabla ya sheria yoyote ya Bunge. Mmea wao wa mpaka ni isale, na jani la isale ndilo analopelekewa mtu anapoombwa msamaha. Kulikataa ni jambo zito. Mmea uleule unatenganisha na kupatanisha. Shemeji akifika na jani lile kwa mama aliyefiwa, ile sentensi ya pili imejibiwa bila kuingizwa kwenye kumbukumbu za baraza.

Makubaliano, hata hivyo, hayaishii kwenye kushikana mikono. Njia ina upana gani? Inaanzia mti upi na kuishia wapi? Masale mapya yatapandwa siku gani, na nani atashuhudia? Nani atafyeka? Nimeona hati za suluhu zilizoandikwa "wamekubaliana kuishi kwa amani" na sahihi chini yake. Hizo ni dua tu.

Fundi hujua pia pa kuacha. Mjane akikubali kila kitu, macho chini, huku mashemeji wanne wakimzunguka na kusema ndiyo mila, hapo hapana mapatano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na msuluhishi asiyejua hivyo humdhulumu mtu kwa sauti ya upole. Anayejua hasubiri siku 30 ambazo sheria imeupa usuluhishi ziishe. Anaandika kwamba suluhu imeshindikana, anampa mjane hati yake ya kwendea wilayani, anamwelekeza alipo msaidizi wa kisheria, na kuita shauri linalofuata.