Baada ya Lango la Gereza: Muundo wa Masimulizi katika Just Mercy ya Bryan Stevenson

Masimulizi kuhusu mtu aliyehukumiwa kwa kosa asilolitenda yana kawaida moja ya kimuundo: mtu hufungwa, ukweli hufichuka, lango hufunguliwa, na hapo hadithi hukoma. Msomaji hufunga kitabu moyo wake ukiwa umetulia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubora wa Just Mercy (2014), kitabu cha wakili Bryan Stevenson wa Marekani, umo katika kuivunja kawaida hiyo. Hata hivyo, kitabu hakikufika mwisho wa njia kilichoifungua.

Mhusika mkuu, ambaye ni mtu wa kweli, ni Walter McMillian, Mmarekani Mweusi mkata magogo wa wilaya ya Monroe, jimbo la Alabama. Mwaka 1988 alitiwa hatiani kwa mauaji ya msichana Mzungu, ingawa saa ya tukio alikuwa nyumbani kwake pamoja na jamaa na waumini waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga kuchangia kanisa. Kesi ilichukua siku moja na nusu. Baraza la juri lilipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipinga na kuamuru auawe. Aliachiliwa mwaka 1993, baada ya shahidi mkuu kukiri kuwa alisema uongo.

Mandhari yenyewe yamejaa kinaya. Monroeville, mji mkuu wa wilaya hiyo, ndiko alikozaliwa Harper Lee, mwandishi wa To Kill a Mockingbird (1960), riwaya kuhusu Mweusi asiye na hatia anayehukumiwa. Mji huo huionea fahari riwaya hiyo na kuiigiza jukwaani. Stevenson ameipa sura yake ya kwanza jina la waigizaji hao. Hoja iliyofumbatwa humo ni nzito: jamii yaweza kuililia dhuluma ya kubuni na kuifumbia macho iliyo mlangoni pake.

Lakini ufundi mkubwa zaidi umo katika msuko. Kati ya sura 16, McMillian anatoka gerezani katika sura ya 11. Zilizobaki zinatulazimisha kuuliza: ametoka kwenda wapi? Ndoa yake haikusimama tena. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba sherifu wa Monroe alitenda kwa niaba ya jimbo, hivyo wilaya haikuwajibika kwa matendo yake. Hatimaye akili ya McMillian ikaanza kupotea, na katika nyumba ya kutunzia wagonjwa akaamini kuwa amerudishwa miongoni mwa wanaosubiri kunyongwa. Alifariki mwaka 2013. Taswira hiyo, wala si ile ya mahakamani, ndiyo kilele halisi cha kitabu. Inathibitisha methali isemayo kuwa mwenye kovu usidhani amepoa. Filamu iliyotokana na kitabu hiki mwaka 2019 ilirudi kwenye kawaida ya zamani: kilele chake ni ushindi wa mahakamani.

Upungufu wa kitabu umo katika usimulizi. Nafsi ya kwanza ni ya wakili. Maumivu ya McMillian hutufikia kupitia kinywa cha mwingine, na mara nyingi hugeuzwa kuwa funzo kuhusu huruma. Tukikumbuka Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, tunatambua tofauti: pale mfungwa mwenyewe ndiye asemaye. Hata hivyo, diwani hiyo ilitungwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, hivyo sauti yake ni ya aliye ndani.

Basi liko pengo baina ya vitabu hivi viwili: sauti ya aliyetoka, akijisimulia mwenyewe miaka ya baada ya lango. Kumfungulia mtu mlango ni kazi ya sheria. Kumsikiliza akisha kutoka, hata asipokuwa na ushindi wa kutusimulia, ni kazi ya fasihi.