Kwanza Maneno ya Mtoto: Ufundi wa Vivian Paley

Vivian Gussin Paley alikuwa mwalimu wa chekechea, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia katika shule za Laboratory za Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Vitabu vyake, kuanzia White Teacher cha 1979, ni simulizi za darasani. Wengi huvisifu kwa upole wake. Mimi navutiwa zaidi na ufundi, maana huo ndio unaoigika.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1986 kwenye Harvard Educational Review, alisimulia kuhusu mwalimu wa sayansi wa sekondari aliyetembelea darasa lake. Watoto walimchangamkia mgeni huyo kwa sababu aliuliza akitaka kweli kujua wanawaza nini. Paley akajiuliza kwa nini yeye hapati mazungumzo kama yale, akaanza kutumia kinasa sauti.

Kunasa ni kazi nyepesi. Uzito uko katika kunakili, na Paley alinakili mwenyewe. Anayeandika neno kwa neno hana pa kujificha: anajisikia akimkata mtoto kauli, anajisikia akiuliza swali ambalo jibu lake analo tayari, anamsikia mtoto akitamka jambo la ajabu ambalo mchana ule lilimpita. Kisha humrudia mtoto: jana ulisema hivi, ulikuwa na maana gani? Hivyo alichokiandika kinaingia tena darasani na kubadili somo linalofuata.

Tazama pia You Can't Say You Can't Play cha 1992. Kabla ya kupiga marufuku kumfukuza mwenzio mchezoni, alipeleka hoja hiyo hata kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, akaandika pingamizi zao zilivyo. Wengi waliona kanuni ni ya haki lakini haitekelezeki. Mwandishi mwenye haraka ya kushinda angeziacha nje.

Linganisha na sehemu ya maoni katika andalio la somo, ambako mwalimu wa Tanzania huandika “somo limeeleweka”. Limeeleweka na nani? Alisema nini? Sentensi ile haina mtoto ndani yake, kwa hiyo haimpi mwalimu pa kuanzia kesho.

Najua darasa la watoto themanini halinakiliki. Lakini mabishano ya dakika mbili kati ya watoto wawili yanaandikika jioni hiyohiyo, maneno yao kwanza, maelezo ya mwalimu baadaye, kabla kumbukumbu haijaanza kumtetea.