Kondoo wa Brisbane na Mashine Isiyohitajika

Jaribio la kondoo la Brisbane la 2018 lilikusudiwa kueleza kwa nini dripu ya haraka iliua watoto wetu wa utafiti wa FEAST. Liliharibika mapema, pale kondoo walipolazwa kwa dawa ya usingizi wakafungiwa mashine ya kupumulia.

FEAST ulilinganisha watoto wagonjwa sana waliopewa dripu ya haraka na wasiopewa: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo 2011, vifo ndani ya saa 48 takriban asilimia 10.5 kwa waliopewa dripu ya haraka, 7.3 kwa wasiopewa. Watoto wale walipumua kwa nguvu zao wenyewe.

Mashine inasukuma hewa kifuani. Shinikizo lake hufungua vifuko vya hewa vilivyoanza kujaa maji, na papo hapo hupunguza damu inayorudi moyoni. Moyo na mapafu, viungo vyote viwili tunavyobishania kipi kiliumizwa na dripu, vimeshaguswa kabla dripu haijaingia! Najua utetezi wa watafiti wa Brisbane: makundi yote mawili ya kondoo, waliopewa dripu na wasiopewa, yalikuwa kwenye mashine. Sawa, ulinganisho umesimama ndani ya maabara. Mtoto wa FEAST kule Kilifi anayehema mbavu zikibonyea hayumo humo. Hata hivyo, kipimo cha dripu cha mililita 40 kwa kilo kilikuwa sahihi, na kugundua kwamba waliopewa dripu walihitaji zaidi noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, ni kazi nzuri.

Watafiti Brigham na Staub walituonyesha njia ya kupima mapafu bila mashine mwaka 1974. Kondoo walikuwa macho, mrija umeingizwa kwenye njia ya limfu ya mapafu, bakteria hai wa Pseudomonas wakamiminwa kwenye damu. Limfu ikiongezeka huku protini yake ikibaki juu, ukuta wa mishipa umevuja. Ikiongezeka ikiwa nyepesi, ni shinikizo la ndani ya mishipa tu. Hakuna aliyepima vizuri zaidi tangu hapo.

Angalau Brisbane hawakutuletea panya. Nimeshachoka na panya wanaodungwa endotoksini tumboni, mapafu yakakatwa bila kujazwa formalini kwa shinikizo, kisha kuta zilizosinyaa zikahesabiwa kuwa uvimbe.

Mnyama anayefaa zaidi tunaye hapa kwetu. Mfugaji wa Sagalla aliyepoteza ng'ombe kwa ndigana kali ameliona povu puani. Mnyama yule huvimba tezi za limfu, mapafu yakajaa maji, na hupumua mwenyewe hadi mwisho. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pale Kabete wanaujua ugonjwa huo kuliko maabara nyingi duniani. Swali la dripu lipelekwe kwao, mnyama awe macho, mrija wa limfu uwepo, mashine ibaki stoo.