Boksi la fyuzi dogo, hasara kwa nani?
Ukiwa Kahama, kabla hujaelekea Geita, fungua boneti uliangalie boksi la fyuzi. Magari ya siku hizi limebanwa kweli: dogo, jepesi, nyaya chache. Hongera kwa wabunifu. Ila fizikia haidanganyiki: mkondo ukiongezeka mara 2 kwenye njia ileile, joto linaongezeka mara 4, na boksi dogo halina nafasi kubwa ya kulitoa.

Tena rilei nyingine zimelehemewa kwenye bodi. Ikifa moja, fundi anakwambia ununue boksi zima! Ya kuchomeka ungechomoa, ukabadilisha, safari ikaendelea.

Wepesi ni sifa, sawa, lakini upimwe pia kwa vumbi letu na mfuko wa mwenye gari. Nawe, fyuzi ya ampea 10 ikiungua, usiweke ya 30: zamu ijayo utaunguza waya.