Wati 10,000 kwenye Chumba cha Futi Kumi: Uhakiki wa Sabufa, na Sababu za Kununua Spika Ndogo

Simama mbele ya duka lolote la redio pale Kariakoo uangalie maboksi ya sabufa. Namba kubwa kuliko zote, ile iliyoandikwa kwa rangi inayong'aa, ni ya wati. 5,000. 8,000. 10,000 PMPO. Mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja, mwenye laki mbili au tatu alizodunduliza kwenye posho, anategemewa achague kwa namba hiyo. Hoja yetu leo ni hii: namba hiyo haina maana, mpangilio wenyewe wa sabufa na vispika vyake viwili haufai chumba kidogo, na kwa fedha hiyohiyo unaweza kupata muziki mzuri zaidi. Twende kwa hesabu, tuache ubishi.

Wati ambazo LUKU haizijui

Pasi ya umeme ya kawaida inakula wati 1,000 hivi, na kila mpangaji anajua inavyomaliza yuniti. Sabufa ya wati 10,000 ingekula kama pasi kumi kwa mpigo. Sasa angalia plagi yake. Plagi ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Yaani kabla sabufa haijafika hata theluthi ya inachojigamba nacho, fyuzi ingekuwa inaelekea kuungua.

Geuza hiyo sabufa uangalie kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Hapo ndipo kiwanda kinasema ukweli, kwa herufi ndogo: mara nyingi utakuta wati 40, 60, labda 80. Umeme unaotoka kwenye spika kwa mfululizo hauwezi kuzidi unaoingia kutoka ukutani. Ni kweli kapasita za ndani zinaweza kutoa mshtuko mkubwa kidogo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini wimbo haupigwi kwa sehemu ya sekunde.

PMPO haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda kinahesabu kinavyopenda. Ujanja huu ni wa zamani: Marekani uliwachosha watu kiasi kwamba mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu ya mfululizo, siyo ya mshtuko. Kwetu neno la kutafuta kwenye boksi ni RMS. Lisipokuwepo, tumia kibandiko cha nyuma.

Basi unahitaji wati ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Spika ndogo ya kawaida, ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa kama desibeli 86. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: ukizidisha nguvu mara kumi unapata desibeli 10 za ziada, na ukiizidisha mara mbili unapata 3 tu. Kwa hiyo wati 10 zinakupa desibeli 96 kwa mita 1. Ukikaa mita 2 unapoteza 6, lakini spika ziko mbili, unarudishiwa 3. Kuta nazo zinarudisha kidogo. Tuseme 94.

Hiyo ni sauti kubwa kiasi gani? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidi saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda ugawanywe kwa mbili. Kwa desibeli 94 unabaki na saa moja. Wati 10 halisi, ndani ya chumba cha futi kumi, zinatosha kukuharibia masikio ukizitumia kila siku. Anayekuuzia 10,000 anakuuzia namba tu.

Chumba chenyewe ni ala ya muziki

Hapa ndipo wahakiki wengi wa video wanapita haraka, nasi ndipo tunapotaka kukaa. Kuta mbili zinazotazamana zinarudishiana sauti. Wimbi lenye urefu mara mbili ya chumba linajipanga sawasawa kati ya kuta hizo na kusimama, likijiongezea nguvu kila linaporudi. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina upande wa mita 3.05. Kwa joto la Dar es Salaam sauti inakwenda kama mita 348 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya upande: unapata takriban Hz 57. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mawimbi mawili yanarundikana palepale.

Hz 57 ni jirani wa karibu sana wa uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa bila kubonyezwa, ambao ni Hz 55. Basi wimbo wowote ukipita kwenye noti hiyo, chumba kinavimba na madirisha yanatetemeka. Ukipita kwenye noti ya jirani, besi inanywea. Watu wanaita hali hii "muziki mnene". Kwa kweli ni noti moja inayopiga kelele na kuzifunika nyingine.

Halafu kuna suala la mahali ulipo. Wimbi hilo lina nguvu kubwa kwenye kuta, kubwa zaidi kwenye kona, na karibu halisikiki katikati ya chumba. Jaribu mwenyewe: pakua programu ya simu inayotoa toni moja, unganisha na spika yoyote yenye besi kiasi, weka Hz 57, kisha tembea polepole kutoka ukutani hadi katikati. Sauti itapungua kama mtu anayepunguza redio. Chumba chako si futi kumi? Gawa 348 kwa mara mbili ya upande wako kwa mita.

Kwenye chumba kidogo kitanda kiko wapi? Kwenye kona, ndiyo nafasi iliyopo. Kichwa chako kinalala pale ambapo chumba kinaongeza besi kuliko mahali pengine popote. Kuongeza sabufa kubwa juu ya hapo ni kutia chumvi kwenye maji ya bahari.

Na jirani? Besi ndiyo sehemu ya muziki inayopenya ukuta wa tofali kirahisi kuliko nyingine. Katika nyumba nyingi za kupanga ukuta wenyewe unaishia chini ya bati, hakuna dari, na sauti inapita juu kama haina kizuizi. Mpangaji wa pili hasikii wimbo wako. Anasikia hiyo Hz 57 tu, saa tano usiku. Wenye nyumba wamewahi kutoa notisi kwa makosa madogo kuliko hilo.

Kifua chini ya meza, mdomo juu ya kabati

Kasoro ya pili ya sabufa za bei rahisi iko kwenye mpangilio wenyewe: boksi moja la besi sakafuni na vispika viwili vyenye koni za inchi mbili au tatu. Koni ndogo kiasi hicho hushindwa kutoa sauti ya kueleweka chini ya kama Hz 200. Lakini sauti ya mwanaume anayeongea huanzia kati ya Hz 85 na 155 hivi. Kwa hiyo sehemu ya chini ya sauti yake inapelekwa kwenye sabufa, na iliyobaki inabaki juu. Sikio halitambui vizuri besi inatoka wapi ikiwa chini ya kama Hz 80. Juu ya hapo linaanza kutambua. Matokeo yake msoma habari anakuwa na kifua chini ya meza na mdomo juu ya kabati.

Mifumo ya sabufa iliyotengenezwa vizuri inakwepa tatizo hili kwa kuiachia sabufa kazi ya chini kabisa na kutumia spika kubwa kidogo kwa kazi nyingine. Sabufa kama kifaa haina dhambi. Tunachohakiki ni mgawanyo mbovu wa kazi unaouzwa kwa jina hilo.

Waliochagua cha kuacha

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambako hakuna nafasi. Walitengeneza LS3/5A: boksi la takriban sentimita 30 kwa 19 kwa 16, lililozibwa pande zote bila tundu la hewa, likiwa na spika ya besi B110 na twita T27, zote za KEF. Ripoti yao ya mwaka 1976, iliyoandikwa na Harwood, Whatton na Mills, ni somo zuri la namna ya kufikiri. Walikubali kupoteza besi ya chini kabisa. Walikubali isipige kwa nguvu, maana ina kama desibeli 83 tu kwa wati moja. Walicholinda ni eneo la katikati, hasa sauti ya binadamu, ili mhandisi ajue mtangazaji anasikikaje kweli. Hata mbao za boksi zilikuwa nyembamba na kubandikwa vipande vya lami ndani, zisiimbe zenyewe.

Tusiifanye mungu, hata hivyo. Leo jozi mpya ya muundo huo inauzwa kwa zaidi ya dola 2,000, na kwa bei hiyo mnunuzi analipia pia jina na historia. Kinachotufaa sisi ni swali lao: nini kiachwe ili kilichobaki kiwe sahihi?

Na kuacha besi ya chini kunauma kidogo kuliko unavyotarajia, kwa sababu ubongo unasaidia. Uzi mnene wa gitaa la besi, au wa ile besi kubwa ya kusimama kwenye taarabu, ni Hz 41. Pamoja na Hz 41 unatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea. Spika ndogo ikitoa hizo za juu vizuri, ubongo unakisia ile ya chini iliyokosekana na wewe unaisikia noti. Hivi ndivyo unavyoutambua mwendo wa besi hata kwenye redio ndogo ya jikoni. Ila tuwe wakweli: besi za kompyuta za amapiano na baadhi ya nyimbo za singeli zina mtetemo wa chini mtupu, hazina hizo za juu za kutosha. Kama huo ndio muziki wako wa kila siku, spika ndogo itakupunguzia kitu na haitakulipa.

Macho yanasikia pia

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo kila muuza spika angependa lisahaulike. Wafanyakazi 40 wa kampuni ya Harman walizipa alama spika zilezile mara mbili: zikiwa nyuma ya pazia, kisha zikionekana. Alama zilibadilika. Mfumo mdogo wa bei nafuu uliofanya vizuri nyuma ya pazia ulishuka pale watu walipouona udogo wake. Na hao walikuwa watu wa kazi hiyohiyo. Mnunuzi aliyesimama dukani mbele ya taa za rangi zinazocheza kwenye sabufa ana nafasi gani?

Ununue nini, basi

Jozi ya spika mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na spika ya besi ya inchi 4 hadi 5 na twita yake. Boksi liwe la mbao au MDF. Ligonge kwa kifundo cha kidole, likilia kama debe achana nalo. Liwe limezibwa, au tundu lake la hewa liwe mbele, kwa sababu kwenye chumba chako litakaa karibu na ukuta. Ukuta huohuo utakuongezea besi bure. Wati 15 hadi 25 za RMS kwa kila upande zinatosha.

Zenye amplifaya ndani ndizo rahisi zaidi. Bajeti ikibana, tafuta spika za mtumba zisizo na amplifaya na uziunganishe na kibodi kidogo chenye chipu ya TPA3116. Kabla ya kulipia mtumba, angalia ukingo wa koni. Wa sponji unaoza, na joto la pwani halisaidii. Wa mpira unadumu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vinne. Ikikwaruza, koili imeharibika.

Nyumbani, ziinue zifike usawa wa masikio, zisiwe sakafuni wala kwenye kona. Zitenge kama mita moja na nusu na uzigeuzie kidogo kwako. Besi ikizidi, zivute sentimita chache kutoka ukutani kabla hujagusa kitufe chochote.

Dukani muuzaji atataka kukuwekea wimbo wake, sauti juu kabisa, kitufe cha besi kimebanwa. Mwombe akizime, ashushe sauti, kisha weka taarifa ya habari kutoka kwenye simu yako. Kama msomaji anasikika kama mtu aliyesimama mbele yako, na kila herufi inaeleweka bila kukaza masikio, hizo ndizo. Muziki utakaa vizuri.