"Malukayi": wimbo wa kwanza hauombi huruma



Juma lililopita mdogo wetu mmoja, aliyemaliza lisansi, aliniletea barua yake ya kuomba kazi nimsahihishie. Kuna ONG moja ilikuwa imetoa tangazo. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mimi ni kijana niliyezaliwa katika eneo lililoharibiwa na vita na umasikini." Diploma yake ilikuja kwenye mstari wa sita. Lugha anazozijua zilikuja nyuma zaidi. Kwamba alizunguka vijiji vya njia ya Kabambare kwa pikipiki, akiuliza watu maswali kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo, hakuandika kabisa. Nikamuuliza: "Mdogo wangu, juu ya nini umeanzia pale?" Akanijibu: "Yaya, wale watu wanapenda hivyo."

Sikumcheka. Njo vile sisi wakubwa tuliwafundisha. Lakini jibu lake lilinirudisha kwenye wimbo mmoja ambao nausikiliza kwa miaka sasa, na leo nataka tuupime pamoja: "Malukayi", wa kundi la Kinshasa linaloitwa Mbongwana Star, wa mwaka 2015.

Munajua desturi ya kazi ya muziki. Kundi likitaka kutoa albamu, linachagua wimbo mmoja utangulie peke yake. Redio zinaupata mbele, video inapigwa, waandishi wanaandika. Ule wimbo unaotangulia ni barua ya kuomba kazi. Kwa dakika chache tu unapaswa kusema: sisi ni nani, na mutusikilize kwa sababu gani. Sasa hili kundi lilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuanza barua yake kama mdogo wetu alivyoanza ya kwake. Halikufanya hivyo. Hapo ndipo ukubwa wa "Malukayi" ulipo, na hapo pia ndipo nina ugomvi nao kidogo.

Tuanze na watu wenyewe. Waimbaji wawili wakubwa wa Mbongwana Star, Coco Ngambali na Theo Nzonza, walitoka Staff Benda Bilili. Wengi wenu munalijua lile jina: wanamuziki waliopooza miguu kwa polio, waliofanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, wakitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizotengenezwa kwa mikono. Pembeni yao kulikuwa na kijana Roger Landu na satonge yake, kinanda cha waya mmoja juu ya kopo. Albamu yao "Très Très Fort" ilitoka mwaka 2009. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Dunia ikalia, ikapiga makofi.

Jina Benda Bilili lenyewe linamaanisha kuangalia mbele zaidi ya sura ya nje. Kumbe dunia ilifanya kinyume, ikaangalia sura ya nje. Makala mengi juu yao yalianza na viti vya magurudumu, muziki ukafuata baadaye, kama diploma kwenye mstari wa sita. Mwaka 2013 Coco na Theo wakaondoka. Wakaanzisha kundi jipya pamoja na vijana wa Kinshasa na mtayarishaji kutoka Paris, Liam Farrell, anayejiita Doctor L. Jina walilochagua, Mbongwana, kwa Lingala ni mabadiliko.

Sasa weka "Malukayi" kwenye bafle. Usingoje gitaa tamu la rumba, wala usingoje sebene ya kuinua watu kwenye viti. Kuna besi inayorudia njia yake bila kuchoka, kuna ngoma inayosukuma, na juu yake kuna likembe inayonguruma kama nyuki waliofungiwa ndani ya bati. Sauti za waimbaji haziko mbele kama tulivyozoea. Zimewekwa ndani, zimevikwa mwangwi, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika.

Ile likembe ni ya Konono No. 1, walioalikwa kwenye wimbo huu. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyelianzisha kundi hilo, alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za mji. Hakukuwa na vyombo vya dukani, basi wakatumia sumaku za vyuma vya magari makuukuu kutengeneza mikro. Sauti ikatoka kubwa, lakini ikatoka imechanika. Wakaipenda hivyo hivyo.

Hapa wale wanaouliza "hii ni roki gani?" wanisikilize. Mwaka 1964 kule London kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks alikata bafle yake kwa wembe, makusudi, ili gitaa litoe sauti iliyopasuka. Wimbo huo, "You Really Got Me", unahesabiwa kati ya mizizi ya roki nzito. Davies alipasua sauti yake kwa kutaka. Mingiedi alipasukiwa na sauti kwa kukosa vifaa. Lakini wote wawili walipoisikia walisema: tuiache. Kwa hiyo nikiita "Malukayi" wimbo wa roki sisemi kwamba Wakongo wameiga. Nasema walifika mahali pale pale kwa njia yao. Na sisi tunaocheza kwenye harusi za Kasongo, betri ya pano ikiwa inakaribia kuisha na bafle inakoroma, ile sauti tunaijua tangu utoto. Hatukujua tu kwamba ni sanaa.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa Konono kusimama kwenye wimbo unaotangulia albamu. Mwaka 2007 walipiga kwenye "Earth Intruders", wimbo wa Björk uliotangulia albamu yake "Volta". Pale walikuwa wageni kwenye nyumba ya mtu wa Iceland. Kwenye "Malukayi" walikuwa wageni kwenye nyumba ya ndugu zao. Mzee Mingiedi aliaga dunia Aprili 2015, na Mei albamu ikatoka.

Halafu kuna video. Mtu aliyevaa nguo za mwanaanga anatembea ndani ya Kinshasa. Ukimaliza kuitazama, picha inayobaki kichwani ni ile ya mwanaanga, si ya kiti cha magurudumu. Na wimbo wa kwanza ndani ya albamu unaitwa "From Kinshasa to the Moon", yaani safari ya kutoka Kinshasa mpaka mwezini. Wengine watasema ni mzaha. Lakini mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi kutoka Shaba, jirani zetu wa kusini, wakati barabara za kule zilikuwa kama zetu za leo. Nchi yetu imeshaona roketi ikipaa juu ya watu wanaotembea kwa miguu. Yule mwanaanga si mgeni kabisa.

Kwa hiyo barua ya Mbongwana Star inasema nini? Inasema: sikilizeni sauti hii, hamujawahi kuisikia. Basi. Haisemi wanateseka, haisemi wana bahati mbaya, haiombi msikilizaji awe mwema. Anayeusikia wimbo bila kujua lolote hawezi kujua nani anatembea na nani hatembei.

Najua mutanijibu nini, juu kwenye mazungumzo yetu mumeshanijibu. Jibu la kwanza: "Wao walishajulikana. Bila viti vya magurudumu mlango usingefunguka, halafu baadaye ni rahisi kujifanya hauhitaji huruma." Ni kweli, na linauma. Staff Benda Bilili ndiyo iliyowafikisha mbele ya masikio ya watu wa Ulaya. Hata "Malukayi" ilipotoka, waandishi waliirudia ile hadithi ya zamani. Kukataa kuonyesha kidonda ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye kidonda chake kimeshaonwa. Mdogo wetu wa Kasongo hajaonwa na mtu.

Jibu la pili: "Basi tufiche shida zetu?" Hapana. Kwenye ile albamu ya 2009 kuna wimbo unaoitwa "Polio", unaowahimiza wazazi wapeleke watoto kupata chanjo. Pale kidonda kinafanya kazi: kinamkinga mtoto wa mwingine. Na tusisahau kwamba mwaka 2017 polio ilionekana tena katika jimbo letu la Maniema. Wimbo kama ule tunauhitaji hapa, tena kwa Kiswahili. Lakini kuonyesha kidonda ili mtoto wa jirani asikipate ni jambo moja. Kukiweka mezani kama bei ya kuingilia mlangoni ni jambo lingine. Staff Benda Bilili waliimba lile la kwanza, soko likawafanyia lile la pili.

Sasa ugomvi wangu. Albamu ilitolewa na World Circuit ya London, wale wale waliotoa Buena Vista Social Club. Jina lake ni la Kiingereza, "From Kinshasa". Ukisema "kutoka Kinshasa", unaongea na mtu aliye nje ya Kinshasa, na nje huko hakukuwa huku kwetu. Wimbo huu ulipanda ndege kwenda Ulaya kwanza. Mimi niliupata miaka kadhaa baadaye kwenye kadi ya memori ya rafiki aliyerudi kutoka Bukavu, katikati ya nyimbo za kanisa na za Koffi, bila jina la kundi. Na yule mwanaanga, ingawa nampenda, naye amevaa ili apigwe picha. Macho ya nje yanaweza kubadilisha huruma kuwa mshangao, na bado yakabaki macho ya nje. Mbongwana Star waligoma kuomba, lakini barua yao walimwandikia mtu yule yule.

Hata hivyo, nikiweka yote kwenye mizani, wimbo unashinda. Njia ya kuutoa ilipangwa na wenye pesa, lakini sauti ilipangwa na wenyewe, na hawakuilainisha ili wapendwe. Likembe ingeweza kusafishwa. Iliachwa inanguruma. Kwa wimbo wa kwanza, ambao kazi yake ni kupendeza wageni, huo ni ujasiri.

Tulikaa na mdogo wetu mpaka giza. Hatukufuta vita, juu vita ilikuwepo na shule yake ilifungwa kwa ajili yake. Tuliishusha mahali pake, kwenye maelezo ya kwa nini alichelewa kumaliza. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Nimezunguka vijiji vya njia ya Kabambare kwa pikipiki nikiongea na akina mama wakulima, na ninajua wanauza wapi, kwa bei gani, na kwa nini wanapata hasara." Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama haionekani ni majivuno. Nikamwekea "Malukayi" kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yaya, hii bafle yako imekufa."

Barua aliipeleka kesho yake. Jibu bado hatujapata.